Makali ya Upande Mmoja

Malindi, Lushoto
Alhamisi

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Mbaraka, Bulwa

Shikamoo sana, Baba, na assalaam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kibarazani kwa dada Husna, umejifunika lile koti lako la sufu, na mgongo umekupa nafuu kidogo. Ile dawa ya kuchua bado unapaka, au umeimwaga kama ya mwaka jana ukamsingizia paka? Sisi huku ni wazima. Mkweo Nasra anakusalimu mara mbili, moja yake na moja ya mama yake. Wajukuu wako wamepona mafua yaliyowatesa mwezi wote wa saba, na baridi imeanza kupungua, ingawa maharage ya bondeni hatukuyaokoa.

Najua utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya Husna anayepiga husikika mpaka kwa jirani, na haya ninayokuandikia nataka uyaone wewe kwanza, peke yako. Kwa hiyo tafadhali vaa miwani, mtume Husna dukani, usome taratibu.

Kazi uliyoniachia inakwenda. Baiskeli ya kunolea nimeibadilisha mnyororo, jiwe bado ni lilelile lako. Watu wanatoka hadi Lushoto mjini kuniletea visu, na wengi hawajui wanacholeta. Juzi muuza nyama mmoja kaniletea kisu cha kukunja chenye ubapa uliopinda kama mdomo wa kasuku, anataka nikinyooshe achunie mbuzi. Nikamwambia kile ni kisu cha kupogolea miti, kinakata kwa kuvuta, na akichunia mbuzi atatoboa ngozi nzima. Akanuna. Nikamwonyesha kingine, chenye ubapa mpana katikati na ncha ya pande mbili, ule tunaouita jani la chai, akanuna zaidi kwa sababu hakutaka kununua. Siku hizi kila mtu anadhani kisu ni kisu tu. Wewe ulitufunika macho kwa kanga ya mama, ukatuwekea visu mkononi kimoja kimoja, na aliyekosea kutaja aina alikwenda kuchota maji. Mimi sikuchota sana maji, Baba, na kiburi changu kilianzia pale.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Hapa Malindi kuna fundi wa kubebesha miche anaitwa Nathanaeli. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, katokea upande wa Amani, Mlutheri mpole, asiye na maneno. Aliitwa na kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Bi Yunis, yule mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu na kunivuta masikio. Walitaka awabebeshee miche mia tatu ya parachichi. Mashamba walikwisha yalima, mashimo walikwisha yachimba, na baadhi yao waling'oa hata migomba ili kupata nafasi. Mwaka wao wote walikuwa wameuweka kwenye vile viriba vya miche. Nathanaeli naye alikuwa na lake: amemposa Happiness, binti wa hapahapa kijijini, na baba wa binti alikubali kwa sababu ya sifa za fundi huyu.

Kazi yenyewe unaijua. Unakata mche wa kienyeji, unachonga kikonyo kutoka kwenye mti mzazi ulio bora, unakichomeka, unafunga kwa utepe wa nailoni. Mikato miwili ikilala bapa na kugusana, mti unashikana. Ikiachana hata kwa upana wa ukucha wa mtoto mchanga, hewa inaingia na kikonyo kinakauka.

Mwezi wa tano, alipokwisha kubebesha miche arobaini ya kwanza, kisu chake kiligonga waya wa uzio, kikapata pengo. Akaniletea. Nilikitambua kabla hajakifungua: mpini wa mti mweusi wenye pini tatu za shaba, na nyuma yake ulimi mdogo wa shaba wa kufunulia gome. Alipokifungua ukatoka ubapa mmoja tu, makali yamenyooka bila tumbo, na mgongo umeshuka kwenye pua, umbo tunaloliita kwato la kondoo. Kisu cha kubebeshea, cha Kijerumani, cha zamani, kilichotunzwa. Alisema alipewa na mzee aliyemfundisha kazi, ambaye alimwambia tu kwamba hicho kitamfaa. Hajawahi kushika kingine. Nathanaeli anajua miti, Baba, lakini chuma hakijui.

Kisu cha namna hiyo, kama ulivyotufundisha, hakinolewi pande zote mbili. Ubavu mmoja unalala bapa kabisa dhidi ya mti, na wa pili ndio unaoteremka kwenda kwenye makali. Vyote ulivyowahi kutuonyesha viliteremka upande wa kulia. Hiki kiliteremka upande wa kushoto. Nikamwambia Nathanaeli kwamba kuna fundi mjinga alikiharibu, na kwamba nitakirudisha kwenye njia yake. Akashukuru. Nikakisaga siku nzima kwenye jiwe, nikalaza bapa upande uliokuwa na mteremko, nikateremsha upande uliokuwa bapa. Kilipotoka kilikuwa kinanyoa nywele za mkono.

Baada ya siku mbili alirudi. Alikuja na adabu zake, akasimama mlangoni mpaka nikamkaribisha, akasema kisu kinakata vizuri sana lakini hakikai. Akikivuta kinapanda juu, mkato unakuwa na kibonde. Aliuliza kama kuna kitu tunaweza kukirekebisha. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wateja wengine kwamba kisu hakina ubaya wowote, mkono wake ndio ulizoea kisu kibovu, na akifanya kazi wiki moja utazoea kizuri. Wateja wakacheka. Nathanaeli akaniamini, kwa sababu huku kila mtu huniamini kwenye mambo ya visu, na kwa sababu msimu wa vikonyo ulikuwa unakwisha na miche mia mbili na sitini ilikuwa inamngoja.

Ilikauka yote. Kwanza moja moja, halafu safu nzima. Kufikia mwezi wa nane kitalu cha Bi Yunis kilikuwa kama shamba la vijiti vya kuwashia moto, isipokuwa kipande kidogo kando ya mfereji kilichokuwa kijani.

Maneno yalianza mara moja. Wengine walisema Nathanaeli ameua miche kusudi ili baadaye aanzishe kitalu chake na kuwauzia. Wengine walisema alileta vikonyo vilivyooza. Jumamosi iliyopita Bi Yunis aliitisha mkutano kwenye darasa la shule. Nilipofika watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Nathanaeli alikaa mbele peke yake, kwenye dawati la watoto lisilomtosha, magoti yamepanda juu. Baba yake Happiness alikaa nyuma karibu na mlango na hakumtazama hata mara moja.

Nathanaeli aliulizwa ajieleze. Akasema kwa sauti ndogo kwamba vikonyo vilikuwa vizima, kwamba amefanya kazi hii miaka tisa na haijawahi kumtokea, na kwamba tangu kisu kiliponolewa hakikukaa sawa mkononi. Darasa zima likageuka kunitazama mimi. Bi Yunis akaniita mbele, akaweka kisu juu ya meza, akasema kwamba mtoto wa Mzee Mbaraka ndiye atakayetuambia.

Nilisimama, Baba, na nilisema vizuri. Nilieleza aina ya kisu, nikataja mpini, pini, ulimi wa kufunulia gome, umbo la ubapa na kwa nini kisu cha kubebeshea hakitakiwi kuwa na tumbo. Watu walinyamaza kama wanasikiliza hotuba. Halafu nikasema kwamba kisu kililetwa kwangu kikiwa kimenolewa vibaya, nikakirekebisha kama baba yangu alivyonifundisha, na kwamba hakina kasoro. Nilitaja jina lako, Baba. Nilipolitaja niliona vichwa vikitikisika kukubali, na Nathanaeli akainamisha chake.

Hapo ndipo Bi Hadija, anayekaa jirani na kitalu, aliposema kwamba yeye alimwona kwa macho yake akifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Alisema mti nao una heshima yake, na aliyeupandisha kwa mkono wa chooni asitegemee utashika. Wapo waliocheka. Wengi hawakucheka. Nathanaeli aliuondoa mkono wake wa kushoto juu ya dawati akauficha kati ya magoti, mtu mzima na ndevu zake, na mimi nilisimama pale nimeshika kisu chake nikanyamaza.

Walimpa wiki moja. Keshokutwa Jumamosi akikosa maelezo, kikundi kitampeleka kwa mtendaji wa kata kwa kuharibu mali kwa makusudi, na wazee wameshasema hatalala tena Malindi. Baba yake Happiness amekwisha tuma mtu kusema posa isimame. Jina la fundi huku milimani ukilipoteza kijiji kimoja umelipoteza vyote, kwa sababu habari hushuka na magari ya mboga.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kitaluni. Nilimwambia Bi Yunis nataka kutazama tu. Nikakaa chini kwenye ile miche mikavu, nikafungua utepe wa mmoja, nikaachanisha kikonyo na shina. Mkato ulikuwa na kibonde katikati, kama kijiko. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa kumi. Vilevile. Halafu nikaenda kwenye kile kipande cha kijani kando ya mfereji, nikahesabu. Ilikuwa ile arobaini ya kwanza, iliyobebeshwa kabla kisu hakijafika kwangu. Nikamwomba Bi Yunis ruhusa ya kufungua mmoja, na mkato wake uliobaki juu ya kovu ulikuwa umelala bapa, safi, mti umekwisha shikana. Bi Yunis alisimama juu yangu akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia bado natazama.

Jana mchana nikaenda kwa Nathanaeli. Anapanga chumba nyuma ya kanisa, na nilimkuta akifunga vitu vyake kwenye mfuko wa mbolea. Nilimweleza kwamba kisu chake kilikuwa kimetengenezwa kwa mtu mashoto. Mtu wa mkono wa kulia analaza bapa upande mmoja, wa mkono wa kushoto analaza upande wa pili, na mimi nilipokigeuza nilimwekea mteremko mahali palipotakiwa kulala mti. Nikamwambia kwamba hakuna mkono wa kushoto duniani ambao ungebebesha vizuri kwa kisu kile. Alikaa kitandani akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama nilijua.

Nikamwambia sikujua.

Akanipa mkono. Alisema kila fundi hukosea, yeye mwenyewe amewahi kubebesha machungwa ya watu kwa vikonyo vya ndimu, na kwamba nikisema hivyo Jumamosi itamtosha. Alinichemshia chai. Nilikunywa chai yake, Baba, kikombe kizima, na nilikuwa nimemdanganya tena.

Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuandikia hili kabla sijalisema mbele za watu, kwa sababu nusu yake ni yako.

Mimi ni mashoto, Baba. Hatujawahi kulitaja neno hili nyumbani kwetu. Nilikuwa na miaka minne ulipoanza kunifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga wakati wa kula, na nilipofika miaka saba ulinifunga pia nilipokaa kwenye kinoo, mpaka nikajifunza kunoa kwa mkono wa kulia na kulia machozi kwa macho yote mawili. Sikulaumu. Ulikuwa unamkinga mwanao asije akasemwa kama Nathanaeli alivyosemwa darasani. Uliporidhika kwamba nimenyooka ulifurahi, ukanitangaza kwa watu, na mimi nikafurahi kwa sababu wewe ulifurahi. Nasra ameishi nami miaka kumi na moja bila kujua.

Siku Nathanaeli alipoleta kisu, nilikipokea kwa mkono wa kulia. Alipoondoka nikakihamishia mkono wa kushoto ili niwashe taa ya banda, na kikakaa. Sijui nikuelezeje. Nimeshika maelfu ya visu maishani mwangu na sikuwahi kushika kimoja kilichotengenezwa kwa ajili yangu. Nikaokota kijiti cha mpera, nikakivutia mara moja, mkato ukatoka bapa kama kioo. Nikajua hapohapo ni kisu cha nani na kimenolewa hivyo kwa sababu gani. Ulitufundisha vizuri mno, nisingeweza kutojua.

Na nikakasirika. Niliona wivu, Baba, wivu wa kweli unaochoma. Mtu mzima ambaye hakuna aliyemfunga mkono, na zaidi ya hapo, kuna mzee aliyekaa chini akamnolea kisu cha mkono wake, akampa bila hata kumwambia, kama kitu cha kawaida. Nilijiuliza kwa nini yeye aachwe. Kesho yake nikakaa kwenye baiskeli, mchana kweupe, nikakinyoosha. Nilijua nilichokuwa nafanya kila mzunguko wa jiwe. Sikufikiria miche ya akina mama wala posa yake; nilifikiria mkono wake tu, kwamba sasa nao utajifunza.

Jana jioni kile kisu, kilichobaki kwangu tangu mkutano, nilikisaga upya, nikarudisha mteremko upande wa kushoto. Ubapa umepungua lakini una miaka mingi bado. Nilikijaribu kwa mkono wangu wa kushoto, uani, mbele ya Nasra. Aliacha kuchambua mchicha akanitazama muda mrefu, akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu kuzaliwa. Akasema basi ndiyo maana nikiwa na homa huwa napokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akarudi kwenye mchicha wake, lakini niliona machozi.

Jumamosi nitasimama pale pale nilipolitumia jina lako. Nitawaambia kwamba kisu hakikuwa kimeharibiwa na mtu yeyote kabla yangu, na kwamba Mzee Mbaraka hahusiki na uongo wangu. Nitawaonyesha mikato yote miwili, wa bapa na wa kibonde. Miche mipya mia mbili na sitini nitaipanda mimi kutoka mbegu, na Nathanaeli akikubali ataibebesha. Wengine watachukua visu vyao na kuvipeleka mjini, na Bi Yunis hatanivuta masikio safari hii, hatanitazama kabisa. Hayo nimeyapokea. Linaloniogopesha ni kwamba utaona aibu kunitaja kibarazani hapo Bulwa.

Ukinijibu, tafadhali usiniandikie kwamba nilikosea. Nathanaeli amekwisha nisamehe kosa, na kwa huruma hiyo hiyo akaninywesha chai. Keshokutwa, mbele ya darasa zima na mbele ya baba yake Happiness, nitamwambia kwamba halikuwa kosa. Yeye ndiye atakayeamua kama mkono alionipa jana anautaka urudi.

Nisalimie Husna na shemeji, na mwambie Husna kwamba kanga aliyoiomba, Nasra ataituma na gari la mboga la wiki ijayo. Wasalimie majirani wote wanaokuuliza habari zangu. Usiache kuchua mgongo. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Amiri